Risala ya kikundi chetu cha kutunza Mto Kizinga kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti wa mtaa, wazee wetu na majirani wote, asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe.

Tunakushukuru sana kwa kufika huku bondeni, tunajua ratiba yako imebana. Kikundi tulianza 2017 tukiwa tisa, leo tuko 31, tumepanda miche kibao, tuna akaunti benki, na Temeke nzima sasa inatujua. Kwa watu wasiolipwa hata mia, haya ni mafanikio makubwa mno.

Mheshimiwa, huu mto sio mfereji wa kutupia taka. Jiji hili la Dar es Salaam lilikunywa maji ya Kizinga kupitia mtambo wa Mtoni kabla mtambo wa Ruvu Juu haujajengwa 1959, wa Ruvu Chini ukaja 1976. Na 2022 maji ya mto Ruvu yaliposhuka jiji zima likaingia kwenye mgao, wote tulibeba madumu hapa, hakuna asiyekumbuka.

Sasa sheria ya rasilimali za maji ya 2009 inakataza shughuli za watu ndani ya mita 60 za chanzo cha maji. Sawa, lakini hizo 60 zinaishia wapi? Hakuna alama hata moja. Tuna kamba ya manila tumepiga fundo kila mita kumi, tukienda nayo kwa wachimba mchanga wanatuuliza bikoni, yaani jiwe la mpaka, iko wapi, tunabaki kimya. Tulichomeka vigingi vya mbao, wiki mbili vyote vimeshakuwa kuni. Malori yanakuja usiku, kingo zinamegeka, kuna bibi hapo juu choo chake kimebaki nusu kinaning'inia mtoni, ukitoka hapa tutakupeleka ukaone.

Ombi letu ni moja tu: mpimaji wa ardhi na bikoni 40 za zege. Mashimo tutachimba wenyewe, zege tutabeba wenyewe.

Mheshimiwa, kwa heshima zote, ombi hili tulilisoma hapa hapa 2021, tukaambiwa tusubiri mwezi mmoja, tukapiga vigelegele. 2023 tukalisoma tena kwa mgeni mwingine, akaishika kamba yetu akapigwa picha, picha ipo ofisini kwetu, bikoni mpaka leo hatujaziona. Hatuna ugomvi na mtu ila tumechoka kusubiri, na mto nao hausubiri.

Kwahiyo tunakuomba ukisimama kuongea ututajie tarehe ya mpimaji kuja, katibu ameshafungua daftari.

Tunaomba kuwasilisha.