Baba Neema, hilo bampa lisubiri kwanza

Arusha

Baba Neema,

Habari za Babati? Mama Neema na watoto hawajambo? Huku sisi wazima, kazi zipo, na mawingu yameanza kukaa mlimani tangu asubuhi, kwa hiyo najua barabara zako za Simanjiro hazina muda mrefu kabla hazijaanza kutitia.

Picha ya bampa la mabomba uliyonitumia nimeiona. Niliwaonyesha na vijana hapa gereji, wakalisifia bampa lile mpaka mmoja akaomba nimtumie kwenye simu yake. Ni kazi nzuri, sikatai: mabomba matatu yamepanda hadi usawa wa boneti, taa nne juu, winchi, ile mashine ya kujivuta kwa waya, katikati. Ila wewe hukuniuliza kama linapendeza. Umeniuliza kama ulifunge kwenye Hilux yako kabla ya mvua, na jibu langu ni hapana. Au niseme hivi: si lile, na si kitu cha kwanza.

Ukitoka Terrat kwenda Orkesumet na maboksi ya dawa za mifugo, ni nini hasa kinaligonga gari lako? Visiki vilivyozibwa na majani. Mawe ya makorongoni. Kingo za mitaro iliyochimbwa na maji, ambazo tairi la mbele linavuka salama halafu tumbo linabaki juu. Na miiba ya migunga inayochora milango pande zote mbili. Hesabu mwenyewe: karibu vyote viko chini na ubavuni. Mbele utakutana na punda milia na nyumbu, hasa masika wanapotoka Tarangire kuja kulisha na kuzalia uwandani, na dawa ya hao ni kupunguza mwendo jioni ikiingia. Ukimvaa punda milia kwa mwendo wa themanini, bomba litaokoa taa labda. Shingo yako haliitazami.

Kwa hiyo fedha ya kwanza iende tumboni. Hilux kutoka kiwandani ina kijibati chembamba chini ya injini, cha kuzuia maji na vumbi zaidi kuliko jiwe. Tunakitoa, tunaweka bamba la chuma la milimita nne au tano lililokunjwa mbele ili gari liteleze juu ya kisiki badala ya kukikumba. Bamba hilo lianzie chini ya rejeta, lifunike sampu, yaani bakuli la oili la injini, na difu ya mbele, liishie kwenye membari, chuma cha kukingama kinachobeba gia boksi. Baada ya hapo tangi la mafuta nalo lipate lake. Vichwa vya bolti vizamishwe ndani ya bamba, maana kichwa kinachoning'inia kikisagwa na jiwe, siku ya kufungua utatafutwa mtu wa grenda. Na pawe na tundu usawa wa nati ya kumwagia oili, la sivyo kila sevisi fundi atakulipisha kazi ya kushusha chuma chote.

Jambo ambalo wateja wengi hawalifikirii ni majani. Juzi tulishusha ngao, yaani bamba kama hilo la tumboni, ya Land Cruiser moja iliyokuwa mbugani msimu mzima. Kati ya bamba na gia boksi palikuwa na nyasi kavu zimeshindiliwa kama godoro, na upande uliokaa karibu na ekzosi zilikuwa zimegeuka rangi ya kahawia iliyoungua, ukizivunja zinatoa unga. Dereva akasema alikuwa anasikia harufu, akadhani ni klachi. Magari yanateketea porini kwa namna hiyo. Kwa hiyo ngao yako nitaitoboa matundu makubwa ya kutolea tope na nyasi, na nitaigawa vipande viwili ili cha nyuma uweze kukifungua mwenyewe kwa spana moja. Huo udongo mweusi nao ukijaa ndani ukakauka unaongeza uzito wa kubeba bure. Halafu mbele ya rejeta funga wavu, ule ule wa kuzuia mbu madirishani, uwe unautoa na kuukung'uta. Mbegu za nyasi zikiingia kwenye mapezi ya rejeta, injini inachemka huku wewe unalaumu pampu ya maji.

Cha pili ni reli za ubavuni. Sisemi zile ngazi zinazong'aa za kukanyagia, ambazo zimeshikwa na bolti ndogo kwenye bodi. Ukizipigisha kwenye jiwe zinakunjika na kuingia mlangoni, na hapo umenunua kitu cha kukuharibia gari. Reli ya kweli inashikwa na chesisi kwa miguu mitatu au minne kila upande. Bodi ya Hilux imekaa juu ya chesisi kwa mipira, inacheza, kwa hiyo lazima ibaki nafasi ya vidole viwili kati ya reli na bodi. Kipimo changu ni kimoja: weka jeki ndefu chini ya reli, nyanyua gari mpaka tairi zote za upande ule ziache ardhi. Reli ikilalamika, fundi arudishiwe kazi yake.

Sasa mabomba yenyewe, maana hapa ndipo watu wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Ukienda dukani ukasema nipe bomba la inchi moja na nusu, utapewa bomba la maji, ambalo kipimo chake ni cha tundu la ndani, tena kwa kukadiria. Nje lina milimita 48.3. Unene ndio unaotofautiana: jepesi ni karibu milimita 2.9, la kati, ambalo wanaliita klasi B, ni 3.2, na zito ni 4. Kwa macho yote ni mamoja. Nenda na venia, kile kipimo cha kubana cha kupimia unene, mfukoni, upime mdomo wa bomba mbele ya muuzaji, hatakasirika kama ana bidhaa halali. Kwa reli zako nataka zito. Kwa bampa la mbele la kati linatosha kabisa, na uzito wake ni kama kilo tatu na nusu kwa mita.

Usilete la mabati. Najua linavutia kwa sababu haliingii kutu, lakini zinki inachemka kwenye nyuzi 900 na kidogo, wakati chuma kinahitaji kama 1,500 kuyeyuka. Kwa hiyo fundi akiwasha tu, ule weupe wote unageuka moshi, anauvuta, na usiku anatetemeka kama wa malaria. Vijana wanakunywa maziwa wakiamini yanasafisha. Maziwa yanakwenda tumboni, moshi umekwenda mapafuni, sijui vinakutania wapi. Na weldi yenyewe inajaa vitundu.

Kukunja nako kuna mambo. Mashine nyingi za kukunjia mabomba mtaani zinaminya kona, bomba likitoka limebonyea kwa ndani, na pale ndipo litakapokatika. Asiye na mashine nzuri anajaza mchanga ndani, anaziba ncha zote mbili, ndipo anapasha moto na kukunja. Mchanga uwe umekaangwa ukakauka kabisa. Ukiwa na unyevu, mvuke unatafuta pa kutokea na ile mbao ya kuzibia inaruka kama, basi tuseme usisimame mbele yake. Angalia pia mshono wa bomba, ile mistari inayoonekana kwa urefu. Mshono ukae ubavuni mwa kona, usikae mgongoni panapovutika wala ndani panapominywa. Na bomba linapokutana na bomba, ncha ichongwe mpaka ikumbatie lile lingine bila mwanga kupita. Fundi anayekata mraba halafu anajazia pengo kwa rodi, hata akisaga na kupaka rangi nyeusi ya kuvutia, hajaunga kitu.

Haya, turudi kwenye bampa lako, maana najua umesoma yote hayo shingo upande. Lile la kwenye picha, pamoja na winchi, halipungui kilo mia. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma Hilux yako ina milimita 3,085. Ukitundika kilo mia umbali wa sentimita themanini mbele ya ekseli, ekseli ya mbele haipati mia, inapata kama 126, na ya nyuma inapunguziwa 26, kwa mzani ule ule wa mtoto kukaa mwisho wa ubao wa kubembea. Springi za mbele zinakaa chini, taa zinamulika miti, bushi zinakwisha, na pua ile uliyotaka kuilinda inakuwa imeshuka karibu na kisiki. Ndiyo maana magari mengi ya Rhino Charge kule Kenya, yale mashindano yaliyoanza 1989 ya kuchangia uzio wa Aberdare, mbele yamekatwa mafupi na kuinuliwa, huku chini yamefunikwa chuma kutoka pua hadi mkia. Wale wana saa kumi kupita vituo kumi na tatu kwa njia fupi kuliko wote, hawana muda wa mapambo.

Isitoshe gari lako lina erbegi, ile mifuko ya hewa inayofunguka gari likigonga. Pua ya kiwandani imepangwa ibonyee kwanza, na vihisio vinausoma ule mshtuko. Bampa la mabomba lililofungwa ngumu kwenye chesisi linabadilisha hesabu hiyo, na fundi wa mtaani hawezi kukuhakikishia erbegi itafunguka kwa wakati wake. Waaustralia, wenye kangaruu wao barabarani, wamelifanyia kazi jambo hili miaka mingi. Kampuni ya ARB ya Melbourne, iliyoanza 1975, inatengeneza mabampa yenye vishikio vinavyobonyea. Ulaya nao mwaka 2005 walitoa sheria ya kuzuia yale magumu kwa ajili ya watembea kwa miguu. Wewe unapita Babati mjini kila siku kati ya bodaboda na watoto wa shule. Fikiria ncha ya bomba iko usawa wa nini.

Kama hutalala bila mabomba, basi nitakutengenezea hivi: bampa la kiwandani libaki, nilikate chini pembeni tu ili tairi lipate nafasi ya kupanda ukingo, na chini yake ipite bomba moja la kati linaloshikana na ngao ya tumbo kwa bolti. Ncha zote zizibwe na kuviringwa. Kila bomba litobolewe tundu dogo sehemu ya chini, maana jasho la ndani ndilo linalokula chuma wakati rangi ya nje bado inang'aa. Rangi yenyewe iwe ya kawaida juu ya praima nzuri, ili jiwe likichubua uchukue brashi ukaguse. Ile ya unga inayookwa ni nzuri mjini, lakini ikipasuka maji yanatambaa chini yake na huoni chochote mpaka ibanduke ganda zima.

Winchi sikutengenezei. Winchi inataka mti, na uwanda wa Terrat unaujua, unaweza kukwama ukazunguka macho pande zote usione hata kichaka cha kukushika. Chukua jeki ndefu, ubao mpana wa kuiwekea chini isizame, sepetu, na kamba ya kuvutia inayonyumbulika. Ila kwenye kulabu sina utani. Kulabu mbili mbele, mbili nyuma, za bamba nene, zishikwe kwenye chesisi kwa bolti zilizopigwa chapa 8.8 kichwani, na shekeli, zile pingu za chuma za kufungia kamba, zenye maandishi ya tani 4.75. Mtu yeyote akija kukuvuta akataka kufunga kamba kwenye bomba la bampa, au kwenye ile tufe ya chuma ya kuvutia trela, mwambie aache. Ile ikikatika inaruka moja kwa moja hadi kwenye kioo cha dereva, na imeshaua watu.

Popote utakapokwenda kufanyiwa kazi hii, hata kama si kwangu, asichomelee mtu kitu juu ya chesisi. Kila kitu kwa bolti. Na kama kuna lazima ya kuwasha mashine gari likiwa karibu, kwanza atoe waya hasi wa betri, na kibanio cha ethi, ule waya wa mashine wa kurudishia umeme, akiweke karibu na panapochomelewa. Kontroli boksi ya gari la siku hizi ni ghali kuliko bampa unalolitaka.

Nyuma tutaona ukija. Labda bomba moja la kukinga taa, ila ufunguzi wa mlango wa nyuma wa kupakilia usizuiwe, maana najua unapakia mbuzi hata kama karatasi zako zinasema dawa.

Niambie lini unapita Arusha, nafasi nitakuwekea. Usilioshe gari. Lilete na tope lake, tena usiku uliotangulia upite njia yako ya kawaida. Nikilipandisha juu ya shimo nataka nione mikwaruzo mipya iko wapi, chuma kipi kimechubuka na kipi bado kina kutu ya zamani. Tutachora ngao kufuata hapo, si kufuata picha.

Msalimie sana Mama Neema, na umwambie asali aliyoniahidi sijaisahau.

Ndugu yako,
Baba Salma