Barua kwa Mwanangu: Riwaya Yako na Saa za Mwajiri

Mwanangu mpendwa,

Nimezisoma sura tatu ulizonitumia, na zimenipa furaha kubwa. Lakini uliniandikia pia kwamba zote umezitunga ofisini, ukiiba nusu saa hapa na robo saa pale, na hilo limeninyima usingizi.

Nami niliwahi kufanya hivyo. Nilipokuwa karani, niliweka daftari jembamba chini ya leja. Mteja akiondoka dirishani nalivuta, akija mwingine nalifunika. Siku moja mzee alisimama mbele yangu, risiti yake ameishika kwa mikono miwili, nami sikumwona mpaka alipokohoa, kwa kuwa nilikuwa natafuta neno la kumalizia sentensi. Hakunilaumu, bali aliniomba radhi kwa kunikatiza. Sentensi yenyewe nimeisahau. Radhi ile, ambayo ilinipasa mimi kuiomba, sijaisahau.

Sikukatazi kuandika pale ambapo kazi imekwisha na mkuu wako anajua unachofanya. Ninachokuomba ni umwambie waziwazi, maana dakika unayolazimika kuificha haiwezi kuwa yako, na mtu anayeandika huku akisikilizia nyayo mlangoni hukata sentensi zake kabla hazijaiva. Katika sura yako ya pili nimeziona hizo sentensi zilizokatwa.

Liko pia suala la hakimiliki. Sheria za nchi nyingi humpa mwajiri haki juu ya kile ambacho mwajiriwa amekitunga katika kutekeleza majukumu yake. Riwaya si jukumu lako, hivyo kwa kawaida ni mali yako. Hata hivyo, iko mikataba inayodai hata kilichotengenezwa kwa vifaa vya ofisi au ndani ya saa za kazi. Usome wako kifungu kwa kifungu, na uihamishe hati yako kutoka kwenye kompyuta ya ofisi wiki hii, kwa sababu akaunti ikifungwa siku ya kuachishwa kazi, sura zako zitafungiwa humo pamoja na barua za wateja.

Anthony Trollope, mwandishi wa riwaya wa Kiingereza aliyeitumikia Posta ya Uingereza tangu 1834 hadi 1867, aliketi mezani kwake saa 11:30 alfajiri, saa ikiwa mbele yake, akijidai maneno 250 kila robo saa kabla ya kwenda kazini. Aliandika vilevile ndani ya treni, akiwa safarini kwa shughuli za Posta, na sijapata kuamua moyoni kama saa zile zilikuwa zake au za mwajiri wake.

Sitaki uamke saa hiyo ukiwa umechoka. Jaribu asubuhi mbili tu kwa wiki, kisha uniletee sura ya nne, maana bado sijajua kama yule dada aliifungua barua ya mamaye.

Mzazi wako akupendaye