Mwanangu, usinifiche shida

Kibaigwa, Septemba

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Shikamoo yako niliipata kwenye simu ya matroni, na ya bibi yako nimeifikisha, amekuombea dua hapo hapo. Huku hatujambo. Mahindi bado yanaingia sokoni, magunia yamejaa mpaka barabarani, ila bei si ya kufurahisha. Najua umeshalisikia hilo, maana ndilo lililokufanya unifiche mambo.

Matroni ameniambia pedi zilikuishia ukawa unaomba kwa wenzako. Hakukusemea kwa ubaya, aliniuliza tu kama nyumbani kuna shida. Nimeumia, mwanangu. Bei ya mahindi ni mzigo wangu mimi, si wako. Ada ya kidato cha tano na sita Serikali iliifuta tangu mwaka 2022. Kilichobaki ni nauli, sabuni, madaftari, michango midogo na hizo pedi, na hivyo nitavipata hata kama gunia nitaliuza bila faida. Usijinyime kwa kunionea huruma. Binti akikosa pedi anaanza kukwepa vipindi, na wewe sikukupeleka shule ya Msalato ukakae bwenini wenzako wakiwa maabara.

Sasa fizikia. Nasikia tangu jaribio la kwanza lirudishwe huongei, chakula unakigusagusa, na taa zikizimwa unajificha na tochi mpaka usiku wa manane. Nakuelewa. Kidato cha nne ulikuwa unaongoza, kata nzima inakujua. Lakini hapo ulipo ni shule ya vipaji maalumu. Yule wa kitanda cha juu alikuwa wa kwanza kwao, wa kitanda cha jirani naye alikuwa wa kwanza kwao. Mkishakusanywa pamoja lazima wengine wawe wa ishirini, wengine wa arobaini, na wa arobaini hajawa mjinga kwa usiku mmoja. Masomo yenyewe pia yamebadilika. Fizikia ya kidato cha tano inataka hesabu ambazo kidato cha nne hamkuzigusa, ndiyo maana ninyi wa PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia, mnasomeshwa na hesabu za ziada juu ya masomo matatu.

Jirani yetu mwalimu amenieleza habari za pointi. A ni 1, B ni 2, C ni 3, na daraja la kwanza linafika mpaka jumla ya pointi 9 kwa masomo matatu. Maana yake mtoto mwenye C tatu ana daraja la kwanza. Nimekueleza hivi ili ujue unachokikimbiza. Huhitaji kumshinda kila mtu bwenini.

Kama kweli moyo wako uko kwenye jiografia na unataka kuhamia CBG, yaani kemia, biolojia na jiografia, sema sasa. Nenda kwa mwalimu wa taaluma umuulize kama nafasi ipo. Mimi sitakasirika, na aliyekwambia kwamba mama atakasirika hanijui. Nitakachokataa ni wewe kukaa kimya mpaka mwakani ndipo useme hukuitaka fizikia tangu mwanzo. Inasemwa miaka miwili, lakini mmeanza Julai na mtihani wa taifa ni Mei ya kidato cha sita, toa likizo, toa majaribio, muda wenyewe ni mfupi sana.

Na kama unaipenda fizikia ila inakushinda, hiyo ni habari nyingine. Mfuate mwalimu wake baada ya kipindi, na daftari mkononi, umwonyeshe ni mstari gani ulipopotea. Kiingereza kikikukwama muulize kwa Kiswahili. Wewe umetoka shule ya kata, wala hilo si la kuonea aibu. Watafute na dada zako wa kidato cha sita, wao wamepita hapo mwaka jana tu na wanakumbuka panapouma. Kukesha peke yako na tochi, halafu asubuhi unasinzia darasani, kunakumaliza tu.

Kuna jambo linanikosesha usingizi. Mara nyingi nimesikia habari za shule za wasichana ambako mabinti wanaanguka wakipiga kelele, mmoja, kisha kumi, na watu wanasema ni mapepo. Sitaki kubishana na imani ya mtu. Lakini mimi ni mama, na naona mtoto asiyelala, asiyekula, mwenye hofu ya mtihani na asiye na wa kumwambia, mwili wake utasema kwa niaba yake. Ndiyo maana nakusihi umwone mwalimu wa malezi, yule wa ushauri na unasihi. Si wa watoto watundu peke yao. Mweleze fizikia, mweleze usingizi, mweleze hata habari za baba yako ambazo najua zinakutesa. Nimekuruhusu. Siri ya nyumba yetu haina thamani kuliko afya yako.

Na ikitokea mtu mzima yeyote, wa shuleni au wa njiani, hata ndugu yetu wa mjini, akakugusa au kukuambia maneno yasiyofaa, usipime kama ni kubwa au dogo. Mwambie matroni, niambie mimi. Ukishindwa kutupata sote wawili, kuna namba 116 ya watoto, ni bure, hata kwa simu ya kuazima.

Pesa nimeituma kwa namba ya matroni, ya pedi za mpaka likizo na ya nauli. Mama yako mdogo akija mjini atakuletea karanga na sweta, maana upepo wa huko naujua. Mwalimu wa malezi mwone wiki hii. Ukishatoka kwake mwombe matroni simu unipigie jioni, nikiwa nimeshafunga hesabu za sokoni, uniambie mmeamua nini kuhusu fizikia.

Mama yako