Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Nyaraka za Kitaifa: Madaftari ya Wanafunzi wa Profesa Mbiti

Kwa Mkurugenzi,
Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa,
Moi Avenue, Nairobi.

Salamu na heshima.

Sisi walimu wa theolojia na watunza nyaraka tunakuomba jambo moja: uanzishe mkusanyo wa madaftari, barua na kanda walivyobaki navyo wanafunzi na rafiki za marehemu Profesa John Mbiti, mwanatheolojia na mwanafalsafa wa Kenya.

Vitabu vyake viko salama. Kilicho hatarini ni darasa lake. Alifundisha Makerere kuanzia 1964 hadi 1974, na kitabu kilichomtambulisha duniani mwaka 1969, African Religions and Philosophy, kilitokana na mihadhara. Kwa hiyo daftari la mwanafunzi wa 1966 lina mawazo hayo yakiwa bado mabichi. Alichukua maneno yetu mawili, Sasa (wakati ulio karibu na mtu) na Zamani (wakati mkubwa uliopita), akayafanya istilahi za kitaaluma, akadai kwamba katika fikra za jadi za Kiafrika wakati ujao hauvuki miaka miwili hivi. Wasomi wengi walimpinga, na ubishi haujaisha. Wanafunzi wake walimjibu nini siku ile, na yeye akarekebisha wapi? Hilo kitabu hakituambii.

Mwenyewe alifundisha kwamba marehemu hubaki mfu-hai maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina. Profesa alifariki Uswisi Oktoba 2019. Mwanafunzi aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1964 sasa amevuka 80.

Kosa linaloumiza zaidi hutokea mwanzoni kabisa. Mtu mwenye nia njema hutandaza makaratasi mezani akayapanga kwa mada, na baada ya hapo hakuna anayejua barua ipi ilijibu ipi. Sanduku lipigwe picha kwanza, likiwa kama lilivyokutwa, na mpangilio wa mwenyewe ubaki.

Karatasi nyingi za saiklostaili (zilizonakiliwa kwa mashine ya stensili) za miaka ile zina tindikali. Hugeuka kahawia, kisha hukatika kwenye mikunjo. Pini zenye kutu zifunguliwe kwa kisu butu, zisivutwe. Selotepu na kulamineti tunavikataa kabisa, maana gundi ikishaingia karatasini haitoki. Namba ziandikwe pembeni kwa penseli laini. Maboksi yasiyo na tindikali yakae rafuni, sentimita 15 au zaidi kutoka sakafuni, unyevu wa hewa ukiwa kati ya asilimia 35 na 50. Sanduku la bati chini ya kitanda, ambalo wazee wetu wengi huliamini, ni hatari kuliko linavyoonekana: baridi ya Julai hulifanya bati litoe jasho kwa ndani, na ukungu huanzia hapo.

Kaseti zivunjwe kwanza vile vipande viwili vya plastiki ukingoni, mtu asije akarekodi juu yake. Utepe wa dakika 90 ni mwembamba kuliko wa 60 na hunaswa upesi, hivyo upelekwe hadi mwisho na kurudishwa kabla ya kunakiliwa kidijitali, kwa ubora wa biti 24 na kilohezi 96. Saa moja ya sauti ya mono (mkondo mmoja) hula takribani gigabaiti 1. Ziwepo nakala tatu, moja nje ya Nairobi. Pafaapo ni Kitui, alikozaliwa mwaka 1931, kwa watu aliowatafsiria Agano Jipya kutoka Kigiriki hadi Kikamba.

Wazee wahojiwe wakiwa na daftari mkononi. Ukimuuliza mtu "unamkumbukaje?" atakupa sifa za mazishini. Mwonyeshe ukurasa: "Hapa ulipiga mstari mara mbili. Alikuwa amesema nini?" Saa moja na nusu inatosha, zaidi ya hapo mzee huchoka na kuanza kukubali kila unalosema.

Kuhusu barua, mwenye kuzipokea anamiliki karatasi tu. Haki ya maneno ni ya mwandishi, na sheria ya Kenya huilinda kwa miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo ridhaa ya familia ipatikane kwa maandishi kabla ya kuchapisha hata mstari mmoja.

Jengo lako tayari limeutunza mkusanyo wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais wa Kenya. Tunaomba afisa mmoja na chumba kimoja, kabla ya mvua za Machi.

Wako,
Walimu wa theolojia na watunza nyaraka, Nairobi