Mwili si vazi la akili

Mhariri,

Waandishi wako wa filamu wanapozungumzia bunilizi za kisayansi, husifu zaidi ufundi wa picha. Sijawasoma wakihoji imani iliyojificha katika nyingi ya filamu hizo: kwamba akili ndiyo mtu, na mwili ni vazi tu, mtu anaweza kulivua akavaa jingine. Kazi yangu hapa Nairobi ni kutibu viungo vya watu waliopata kiharusi au walioumia uti wa mgongo, na imani hiyo naiona ikiwaumiza.

Chukua Avatar ya James Cameron, iliyotoka mwaka wa 2009. Jake Sully, mwanajeshi aliyepooza miguu, analazwa ndani ya mashine, fahamu zake zinaunganishwa na mwili mpya, mrefu, wa rangi ya buluu. Muda si muda yuko nje anakimbia, vidole vya miguu vikichimba udongo. Ni sehemu tamu, na naelewa kwa nini watu huipenda. Lakini kiharusi kikimpata mtu, hata mguu aliozaliwa nao humgeuka mgeni. Huanza upya kujifunza kuketi, kusimama, kuuegemeza uzito wake upande ule uliolegea, na ubongo wenyewe hujipanga upya kwa sababu mguu unafanyishwa kazi. Hakuna akili kamili iliyokaa mahali ikingoja kuletewa mwili mzuri. Mwishoni mwa filamu Jake anauacha kabisa mwili wake wa zamani, nasi tunatarajiwa kushangilia. Kijana aliye kwenye kiti cha magurudumu anaambiwa nini hapo? Kwamba mwili wake ni wa kutupwa, na kwamba maisha yake halisi yataanza akishautoka.

Wazo lenyewe ni la kale. Mwanafalsafa Mfaransa René Descartes alilieleza kwa kina katika kitabu alichochapisha mwaka wa 1641, akiitenga roho inayofikiri na mwili unaochukua nafasi. Mwaka wa 1643 binti mfalme Elisabeth wa Bohemia alimwandikia barua akimuuliza: roho isiyo na umbile inausukumaje mwili utende jambo? Walijibizana kwa muda mrefu, na kwa maoni yangu Descartes hakuwahi kumjibu sawasawa. Filamu nazo hulifunika swali hilo kwa waya na mwangaza.

Si zote, lakini. Katika RoboCop ya Paul Verhoeven, ya mwaka wa 1987, polisi Murphy anauawa, kisha mabaki yake yanatiwa ndani ya chuma na kumbukumbu zake kufutwa. Mwenzake Lewis anamtambua vipi? Kwa jinsi anavyoizungusha bastola kabla ya kuirudisha mahali pake, mtindo aliojifunza ili kumfurahisha mwanawe. Mkono ulikumbuka. Hilo nalijua kutokana na kazi yangu: mama aliyepotewa na maneno baada ya kiharusi, asiyeweza kuitaja chapati, ukimwekea donge la unga mbele yake huisukuma ikawa duara bila kusita.

Tena tunayo Pumzi ya Wanuri Kahiu, filamu fupi ya mwaka wa 2009. Asha anaishi katika jamii iliyojifungia ndani baada ya vita vya maji, ambako jasho na mkojo husafishwa vikanywewa. Anapoota mti, anaamriwa ameze dawa ya kuzuia ndoto. Watawala wale wanajua vizuri kwamba ndoto inafikiwa kupitia koo. Anatoroka na mche wake, anaunywesha maji yake ya mwisho na jasho lake, kisha analala kando yake auwekee kivuli. Tumaini lote la Asha linapita katika nyama na ngozi yake. Kwangu mimi hiyo ina ukweli mwingi kuliko saa nzima za fahamu kurushwa kutoka mwili hadi mwili.

Naomba waandishi wako wawaulize watengenezaji filamu wa Nairobi wanaobuni kesho yetu: mhusika wako akihamishiwa mwili mwingine, ni nini kinachobaki nyuma? Na anayetaka kuandika kuhusu mtu aliyepooza aanze kwa kuzungumza na walio kwenye viti vya magurudumu. Wako humu mjini, na wengi wao ni wapenzi wakubwa wa filamu hizi.

Mtaalamu wa tiba ya viungo,
Nairobi