Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Kondo, Damu Yetu na Presha ya Mimba

Ndugu wanachama, wakunga wetu, na akina baba ambao mwaka huu mmeanza kuja mikutanoni bila kuitwa mara mbili: karibuni.

Mambo ya fedha namwachia mweka hazina. Michango imeingia, ziara za Kayole, Mathare na Kariobangi hapa Nairobi zimefanyika, na wahudumu wa afya wa jamii wametupokea vizuri kila mtaa. Muda wangu nautumia kwa jambo moja lililotugawa mwaka huu, yaani ombi la watafiti la kupewa damu zetu na kondo zetu.

Mnakumbuka kikao cha Mei, wiki ya tarehe 22, siku ya kimataifa ya priklampsia. Mama mmoja alisimama akauliza, "Kondo langu linapelekwa wapi? Kwetu kondo huzikwa." Hakuna aliyemjibu vya kutosha. Tukaondoka bila azimio, na kosa lilikuwa langu, kwa sababu nilileta ombi kabla ya kueleza kinachotafutwa ndani ya hilo kondo. Leo nalipa deni hilo.

Priklampsia mtaani tunaiita presha ya mimba, na ikifikia degedege tunaiita kifafa cha mimba. Hutambuliwa baada ya wiki ya 20, presha ikifika 140 kwa 90 au zaidi, pamoja na protini kwenye mkojo au dalili kwamba ini, figo, damu au ubongo vimeanza kuumia. Huwapata wajawazito kati ya 2 na 8 katika kila 100. Sisi tuliopitia hayo hukumbuka siku kichwa kilipouma na macho yakaona nyota, tukadhani ndipo ugonjwa ulipoanza. Sivyo. Ulikuwa umeanza miezi ya kwanza, tumbo likiwa bado halijaonekana.

Miezi hiyo seli za kondo huchimba ukuta wa kizazi na kuipanua mishipa midogo ya mama, ili damu imfikie mtoto kwa wingi bila kusukumwa kwa nguvu. Mkazi yeyote wa Eastlands anajua shida ya bomba jembamba linalotegemewa na ploti nzima. Mishipa isipopanuka, kondo hukosa hewa ya oksijeni, likateseka, likamwaga kwenye damu ya mama protini kama ile iitwayo sFlt-1. Hiyo hunasa kemikali ambazo mishipa ya mama inazihitaji ili ibaki laini. Mishipa hukaza, presha hupanda, figo huvuja. Ndiyo maana tiba kamili hadi leo ni kujifungua, kwa sababu ugonjwa unaondoka na kondo lenyewe.

Sasa swali linalowasumbua watafiti: nani aliziambia seli hizo ziache kuchimba mapema?

Shuleni tulifundishwa kwamba RNA ni tarishi, huchukua maagizo kwenye DNA, yaani kitabu cha urithi kilichomo ndani ya seli, na kuyapeleka mahali protini inapotengenezwa. Lakini sehemu ya DNA yetu inayoandika protini haifiki hata 2 katika kila 100. Nyingine kwa miaka mingi ilidharauliwa na kuitwa takataka. Humo ndimo zinamotoka RNA zisizotengeneza protini yoyote, ambazo kazi yao ni kuamua agizo lipi lisomwe na lipi linyamazishwe. Ndogo sana kati yake, maikroRNA, huwa na herufi kama 22 tu. Hujibandika juu ya tarishi, na ujumbe wake haufiki. Victor Ambros na Gary Ruvkun waliziona kwanza ndani ya mnyoo wa milimita moja, wakachapisha mwaka 1993, na mwaka 2024 wakapewa Tuzo ya Nobeli kwa kazi hiyo. Kuna nyingine ndefu, zenye herufi zaidi ya 200, nazo pia zimekutwa zimepungua au kuzidi kwenye kondo la mama mwenye priklampsia.

Niwatajie maikroRNA moja tu, miR-210. Huongezeka seli inapokosa oksijeni, na tafiti nyingi zimeikuta juu kwenye kondo za priklampsia. Maabara zimeonyesha pia kwamba ikizidi, huzizuia seli za kondo zisichimbe. Tazameni mtego huo: kondo linakosa hewa, miR-210 inapanda, uchimbaji unazidi kudorora, na hewa inazidi kupungua.

Lililonigusa zaidi, na ambalo naomba akina baba walisikilize, linahusu kromosomu ya 19, mojawapo ya vifurushi vilivyobeba DNA yetu. Hapo kuna kundi kubwa la maikroRNA ambalo wanasayansi huliita C19MC. Linapatikana kwa binadamu na jamii za nyani tu, na hufanya kazi karibu katika kondo pekee. Kila mmoja wetu ana nakala mbili za kromosomu hiyo, moja ya mama na moja ya baba. Kwenye kondo, nakala ya mama ya kundi hili hufungwa. Inayosema ni ile iliyotoka kwa baba.

Mwaka huu mwanachama wetu mmoja wa Kayole alimpoteza mtoto mimba ikiwa ya wiki 30. Alikuwa amekwenda kliniki mara mbili na kichwa kinachouma, akaambiwa ni uchovu, arudi nyumbani apumzike. Siku ya tatu alipata degedege sebuleni. Alipotoka wodini alikuta maneno yamemtangulia: kwamba ana damu mbaya, kwamba ukoo wao una kitu, kwamba kijana aoe mwingine. Nilikaa naye jioni nzima. Sikuwa na jibu lingine ila hili la sayansi, nikampa, na nawapa ninyi mkalitumie kwenye vikao vya familia. Kondo ni la baba na mama kwa pamoja. Watafiti wa Norway walichapisha mwaka 1998 kwamba mwanamume ambaye mimba yake iliwahi kuwa na priklampsia, akizaa na mwanamke mwingine, mwanamke huyo naye ana hatari inayokaribia mara mbili. Hayo hayamfanyi baba kuwa mkosaji. Lakini yanavunja kabisa hoja ya kumrudisha mke kwao.

Turudi kwenye damu. Kondo hutoa vifuko vidogo mno vyenye RNA hizi ndani, vikaingia kwenye damu ya mama, na baada ya kujifungua hupotea. Kwa hiyo damu inayotolewa mkononi ina habari za kondo bila mtu kuligusa. Mwaka 2022 utafiti mmoja mkubwa uliotumia sampuli za mimba 1,840 ulipima vipande vya RNA, vingi vikiwa vya matarishi, ukawatambua wanawake 75 katika kila 100 ambao baadaye walipata priklampsia, kabla ya dalili yoyote. Nisiwafiche upande wa pili: katika kila watatu walioonyeshwa kuwa hatarini, ni kama mmoja tu aliyeugua kweli. Na kwa upande wa maikroRNA, maabara bado hazikubaliani ni zipi zipimwe, kwa sababu tafiti nyingi zilikuwa na sampuli chache na njia za kupima zilitofautiana. Anayewauzia leo kipimo cha RNA cha mimba katika jiji hili, mwulizeni maswali magumu.

Kwa nini basi tujisumbue? Kwa sababu kujua mapema kuna faida. Utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba miligramu 150 za aspirini kila usiku, zikianzwa kabla ya wiki ya 14 kwa walio hatarini, zilipunguza priklampsia ya kabla ya wiki ya 37 kwa zaidi ya nusu. Msikimbilie duka la dawa. Ni daktari au mkunga wa kliniki anayeamua. Lakini aspirini ni ya shilingi chache. Tunachokosa ni kujua nani aipewe, na mama wengi wa kwetu huanza kliniki mimba ikiwa imefika mwezi wa tano.

Na kipimo hicho kikija, kitakuwa kimejifunza kutoka kwa damu ya nani? Sehemu kubwa ya sampuli za RNA imetoka Ulaya, Marekani na China. Hapa kwetu mtandao wa utafiti uitwao PRECISE umefuatilia wajawazito huko Kilifi, pamoja na Gambia na Msumbiji, na umehifadhi sampuli. Huo ni mwanzo mwema. Mimi nataka damu ya mama wa Mathare ihesabiwe pia, kwa sababu kipimo kisichomjua kitamkosea.

Hata hivyo yule mama wa Mei alikuwa na haki. Kwa hiyo kamati inaleta azimio mbele yenu. Hakuna mwanachama atakayeombwa sampuli kabla watafiti hawajatuonyesha kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayoruhusu utafiti. Maelezo yatolewe kwa Kiswahili, yasomwe nyumbani, na sahihi isiwekwe mama akiwa na uchungu wa kuzaa. Anayekataa asipoteze chochote, na anayekubali aweze kubadili nia. Kipande kinachochukuliwa kwenye kondo kiwe kidogo, na lililobaki arudishiwe mama anayetaka kulizika. Matokeo ya utafiti yaletwe hapa hapa, mbele yetu.

Mpaka kipimo cha damu kifike, tulicho nacho ni mkanda wa presha na kikopo cha mkojo. Vipimio viwili vya Kariobangi vimeanza kusoma chini kuliko kile cha kliniki, na presha inayosomwa chini ni hatari kuliko kutopima kabisa. Nimeviondoa. Naomba mkutano uidhinishe vingine viwili kabla ya ziara ya mwezi ujao, kisha tupige kura juu ya azimio.