Mgonjwa wa figo msimlaze

Ndugu Mhariri,

Nasoma gazeti lako tangu kabla wizara hazijahamia huku Dodoma, na sijawahi kukuandikia. Ila ile habari yenu ya wagonjwa wa figo imenikaa kooni. Mlitaja chumvi, mkataja vidonge vya presha, mkamalizia kwa kumwambia mgonjwa apumzike.

Neno hilo nalijua. Mume wangu ni fundi seremala, anakwenda kusafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila safari. Alipoambiwa apumzike, nyumbani tulilishika kama dawa. Maji namletea, kiti namsogezea, hata kuku akiingia ndani anafukuza mtoto. Baada ya miezi minane mapaja yalikuwa yamekwisha. Mwanamume aliyekuwa akibeba mlango wa mninga begani peke yake akawa hawezi kuinuka chooni. Siku moja tuna wageni, alikaa humo karibu saa nzima kwa aibu ya kuniita. Nilimkuta analia. Figo zilimwanza, lakini kule kumkalisha nilikufanya mimi kwa mikono yangu, nikidhani nampenda.

Binti yetu anasomea uuguzi, ndiye aliyetusomea utafiti uliotoka Italia mwaka 2017. Watu wa mashine kama baba yake walitembea nyumbani kwao dakika 10, mara mbili kwa siku, siku tatu za wiki ambazo hawaendi kusafishwa. Baada ya miezi sita, umbali wanaotembea kwa dakika sita ulipanda kutoka wastani wa mita 328 hadi 367. Wenzao ambao hawakupewa zoezi hilo walibaki karibu palepale. Na mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2024 unawataka wagonjwa wa figo wajitahidi kufikisha dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, kila mtu kwa uwezo wake na hali ya moyo wake. Hakuna aliyesema figo zitapona. Miguu ndiyo inayorudi.

Tulimwuliza daktari, akakubali, tukaanza: mlangoni hadi kwenye mwarobaini, na kurudi. Majirani wakasema namuua mzee. Magoti yalipomuuma, duka la dawa likamuuzia diklofenaki bila kumuuliza hata swali moja, dawa ya maumivu ambayo mtu wa figo hapaswi kupewa hivihivi. Binti ndiye aliyeikamata mkononi mwake. Ni wangapi hapa mjini wanaomeza dawa hizo kila siku kwa ajili ya mgongo na magoti, na hakuna anayewauliza habari ya figo? Hilo nalo liandikeni, na liandikeni kwa herufi kubwa.

Ombi langu ni hili. Kila hospitali yenye mashine za kusafisha damu ichore kwa rangi mstari wa mita 30 kwenye korido, kiti kila mwisho, saa ukutani na daftari. Kila miezi mitatu mgonjwa atembee dakika sita, mita zake ziandikwe kama inavyoandikwa presha.

Rangi nitanunua mimi. Mume wangu siku hizi anainuka mwenyewe, na tepu yake ya kupimia bado anayo.

Mke wa fundi,
Chang'ombe, Dodoma